Miaka 20 imepita, bado nashtuka

Tangu niandike juu ya njuka, wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, wanavyoonewa mabwenini, barua zimekuja nyingi. Leo najibu nne.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, nafanya kazi benki. Kidato cha kwanza, kaka zangu wa kidato cha tatu walinifulisha nguo zao na kunifanya "redio", niimbe hadi usiku wa manane. Mpaka leo watu wakicheka nyuma yangu jasho linanitoka. Mke wangu anasema yalishapita, nisahau. Nina tatizo?*

Marahaba, mwanangu. Una jeraha, na wala hukulitafuta.

Uingereza kuna watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 ambao watafiti wamewafuatilia hadi utu uzima. Walipokuwa na miaka 7, na tena 11, wazazi wao waliulizwa kama watoto wanaonewa na wenzao. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya walipofika miaka 50: walioonewa mara kwa mara walikuwa bado wanasumbuliwa zaidi na sonona na wasiwasi, hata baada ya kuzingatia hali ya maisha ya nyumbani kwao. Umri wa miaka 50! Kwa hiyo miaka yako 20 hainishangazi.

Mtoto anayelala chumba kimoja na wanaomtesa, mwili wake hujifunza kutolala. Shule inakwisha, mwili haupewi taarifa. Mwambie mkeo usiku mmoja tu, mwanzo hadi mwisho: wimbo gani, nani alishika tochi, ulisimama wapi. Neno "nilionewa" halimwonyeshi kitu. Kisha mtafute mwanasaikolojia; hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili.

*Mwanangu yuko kidato cha kwanza, bweni. Karudi likizo kakonda, blanketi na ndoo havipo, anasema kaazimisha. Siku ya kurudi ikikaribia tumbo linamuuma. Baba yake anasema aachwe akomae.*

Mama, hilo tumbo linauma kweli. Hadeki.

Niliwahi kuwa metroni. Kulikuwa na binti aliyeoga saa tisa usiku, peke yake, maji ya baridi. Nikamwambia ana vituko. Muhula mzima ulipita ndipo nikajua kwamba jioni wenzake walikuwa wakimnyang'anya khanga bafuni na kumwacha atoke alivyo. Wenzake walimuumiza, lakini aliyemfunga mdomo ni mimi. Nimebeba hilo mpaka leo, na ndiyo sababu naandika safu hii.

Usimuulize "unaonewa?" mbele ya baba yake, atakana. Muulize nani analala kitanda cha juu yake, anaoga saa ngapi, anakula na nani. Majibu yatajileta. Kisha nenda naye shuleni kabla muhula haujaanza, umwone mwalimu wa malezi, na malalamiko yawe ya maandishi: majina, siku, vitu vilivyochukuliwa. Usiondoke bila kuonyeshwa bweni na kitanda atakachohamia. Wakikuzungusha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto, na bweni halina msamaha. Baba yake mwambie hivi kutoka kwangu: anayekomaa ni mtoto anayejua ana pa kukimbilia.

*Nina miaka 15. Wamefungua kundi la WhatsApp wanatuma picha zangu na maneno machafu. Nikisema watazidi.*

Mwanangu, usiwajibu na usifute kitu. Piga skrinshoti zote, tarehe zionekane, umwonyeshe mtu mzima mmoja leo hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeutaja uonevu wa mtandaoni kuwa kosa. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, ni simu ya watoto na ni bure. Likikujia wazo la kujidhuru, piga saa hiyohiyo, usilale nalo peke yako.

*Nilikuwa kiranja. Niliwatesa njuka vibaya, nikilipiza yaliyonipata mimi. Sasa mwanangu anaanza sekondari na usingizi sipati. Nimtafute niliyemuumiza zaidi?*

Asante kwa kuandika. Utafiti wa North Carolina, Marekani, uliofuatilia watoto 1,420 na kuchapishwa 2013, uliona kwamba walioonewa na wao wakaonea ndio waliokuja kuwa na hali mbaya zaidi ukubwani. Kwa hiyo na wewe unahitaji msaada, usiuone ni wa wengine.

Mtafute, lakini kwa ujumbe mfupi. Taja ulichofanya waziwazi, bila kukizungukazunguka. Usieleze kwamba na wewe ulionewa, usiombe mkutane, na usimdai msamaha. Mwambie si lazima ajibu. Akikaa kimya, hiyo ni haki yake, usimwandikie tena. Watu wengine wamejenga maisha kwa kutolisikia jina lako.

Mwanao ndiye usiyeweza kumwachia ukimya. Kabla hujamfungia tranka, kaa naye kitandani umweleze wewe ulikuwa nani bwenini.