Kisima kimeanza chumvi: tuchimbe zaidi?

SWALI: Kisima changu Kigamboni kina kina cha meta 45, nusu kilomita kutoka ufukweni. Maji yalikuwa baridi, yaani hayakuwa na chumvi. Tangu tuanze kuwauzia majirani, pampu inashinda ikivuta, na sasa chai ina chumvi. Fundi anataka kuongeza meta 20. Nimkubalie?

JIBU: Bado. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya maji baridi 1,000, kwa hiyo maji baridi huelea juu. Kila meta 1 ya maji baridi yanayosimama juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi isipande kwa takriban meta 40 chini yake. Ukiyashusha nusu meta kwa kuvuta sana, chumvi hupanda polepole kufidia meta 20, na huanzia chini ya pampu yako. Kuongeza kina hapo ni kuifuata iliko.

Zima pampu usiku kucha. Asubuhi washa, acha maji yaliyolala bombani yatoke, kisha pima kwa mita ya EC (hupima maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda) dakika ya 10, saa ya 1 na saa ya 3 tangu uwashe. Namba ikipanda kadiri unavyovuta, pampu ndiyo inayoiita chumvi. Ikiwa juu tangu mwanzo na haibadiliki, huenda bahari imeshafika, au bomba la kisima linavuja.

Iombe maabara ipime sodiamu, kloridi, kalsiamu na naitreti. Gawa sodiamu (mg/l) kwa 23 na kloridi kwa 35.5, kisha jibu la kwanza kwa la pili. Mfano: sodiamu 310, kloridi 710, unapata 0.67. Maji ya bahari yenyewe ni 0.86, chini ya hapo, hasa kalsiamu ikipanda, ni dalili ya bahari inayoingia: udongo wa mfinyanzi hunasa sodiamu na kuachia kalsiamu. Ndiyo maana sabuni nayo hukataa povu. Uwiano ukikaribia 1 na naitreti iko juu, kagua kwanza shimo la choo.

Kama pampu ndiyo chanzo, ipandishe juu, ubane koki, vuta lita 500 kwa saa kwa saa 10 badala ya 2,500 kwa saa 2, ujaze tangi. Biashara ya majirani isimame kwanza. Nafuu huchukua miezi, pengine misimu ya mvua.

Fundi atakuwa na hoja iwapo tu rekodi yake ya uchimbaji inaonyesha tabaka nene la mfinyanzi na maji baridi chini yake. Hapo bomba lizibwe kwa saruji pande zote linapopita kwenye mfinyanzi, la sivyo chumvi ya juu itateremka kando yake.