Kabla hawajakukata kipande cha neva

Ndara ya kushoto ilinivuka nikishuka daladala pale Ubungo, na sikujua mpaka konda aliponipigia kelele, "Mama, kiatu!" Nilikuwa nimeshatembea hatua kadhaa juu ya lami ya saa saba mchana. Ndipo nilipoacha kujidanganya kwamba ni uchovu.

Sukari ilipimwa, ikawa sawa. Daktari akanipapasa nyuma ya kiwiko na pembeni ya goti akitafuta mshipa wa fahamu, yaani neva, ulionenepa, akakagua ngozi kutafuta mabaka, maana ukoma bado upo nchini na unashambulia neva. (Neno lenyewe lilininyima usingizi siku mbili. Baka halikuonekana.) Kikafuata kipimo cha umeme, kile cha kushtuliwa na kuchomwa sindano msulini. Mwisho akasema achukue kipande cha neva na cha msuli, aone kama mishipa midogo ya damu inayolisha neva imevimba.

Neva inayokatwa mara nyingi ni ile ya nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa nje. Wenyewe wanaiita surali. Wanaipenda kwa sababu haiendeshi msuli wowote, kazi yake ni kuleta hisia tu, kwa hiyo kukatwa hakukulemazi. Lakini kipande kikishatoka hakirudishwi, na ukingo wa nje wa unyayo unabaki na ganzi. Mimi nilisaini fomu nikidhani ganzi wanayoisema ni ya sindano, itaisha jioni. Mwombe daktari akuchoree kwa kalamu, mguuni mwako, eneo litakalopoteza hisia. Kisha ndiyo usaini.

Inauma? Inauma, ila kwa ufupi. Sindano ya ganzi inachoma kama siafu, halafu ngozi inalala. Walipoikata neva yenyewe nilipigwa shoti kutoka kifundoni hadi kidole cha mwisho, nikamwita bibi yangu ambaye ni marehemu tangu nikiwa shule ya msingi. Ikaisha papo hapo. Msuli una maumivu yake: ganzi inawekwa kwenye ngozi na chini yake, lakini haiingizwi kwenye msuli unaochukuliwa, maana itaharibu kipande. Unahisi kuvutwa na kuminywa pajani, na ngozi wala haina habari. Muuguzi alinishika mkono akisema, "Pumua, mama, anamalizia," na kweli alikuwa anamalizia.

Msuli wangu ulitoka paja la kushoto kwa sababu la kulia lilishachomwa sindano za kipimo cha umeme, na majeraha ya sindano yanaweza kuonekana kwenye hadubini kama ugonjwa. Kama anayekukata siye aliyekupima, mkumbushe ni upande gani ulichomwa.

Sasa lililonikera. Nilikatwa Ijumaa alasiri. Kipande cha msuli kinatakiwa kifike maabara kibichi, kimefungwa kwenye gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) yenye unyevu, kigandishwe haraka kwa baridi kali. Mhusika wa maabara alikuwa ameshaondoka. Mtu akakitumbukiza kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kama kipande cha uvimbe wa kawaida, na sehemu kubwa ya vipimo vya msuli ikawa haifanyiki tena. Kovu la paja ninalo, jibu lake sina. Bahati neva ilijitosheleza: mishipa yake ya damu ilikuwa imevimba kweli, nikaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo.

Kwa hiyo omba siku ya mwanzoni mwa wiki, asubuhi, na uliza: maabara wanajua kwamba nakatwa leo? Nani anakipeleka kipande, na kwenye nini? Watakuona msumbufu. Na wakuone.

Predinisoloni hiyohiyo, usiinunue duka la dawa kwa ushauri wa jirani kabla ya kukatwa, kwani inaweza kuficha kinachotafutwa. Kama tayari unaitumia usiikatishe ghafla, mwambie daktari. Dawa za kuyeyusha damu nazo zitaje zote, hata aspirini ndogo ya kila siku. Yeye ndiye aamue.

Nyumbani niliuweka mguu juu ya mito miwili siku tatu, nikaoga umefungwa mfuko wa plastiki. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kidonda kikitoa usaha, mguu ukiwa moto au homa ikipanda, rudi hospitali, usingoje tarehe ya kliniki. Majibu yalichukua mwezi na siku kadhaa, na nilikuwa nakwenda kuulizia kama mtu anayedai kodi.

Ni mwaka wa tatu sasa. Eneo la ganzi limepungua, limebaki kama upana wa vidole viwili chini ya kifundo. Kila usiku nalikagua kwa kioo kidogo cha mkoba. Mwezi uliopita nilikuta pini ya kubania karatasi imezama pale, damu imeshakauka, na nilikuwa nimeshinda nayo darasani kutwa.