Jibu kwa aliyeuliza: programu ya mishale kwenye kiti cha mtoto, Vitz, Kisumu hadi Nakuru

Dada, umeuliza kama unaweza kuiamini ile programu ya simu inayochora mishale na alama ya kijani juu ya kiti cha mtoto ukikielekezea kamera. Umesema una Vitz, kiti cha mtumba kilichotoka Uingereza, mtoto wa miezi 7, na safari ya kuja Nakuru mwisho wa mwezi. Mimi nauza na kufunga vifaa vya magari hapa Nakuru, na siku hizi wateja wengi hufika dukani simu ikiwa tayari imewaambia kila kitu kiko sawa. Jibu langu ni hili: iamini ikikuonyesha mkanda upite wapi. Swali la kama kiti kimekaza, lijibu kwa mikono yako.

Nianze na faida yake, maana ipo na ni kubwa. Teknolojia hii ya uhalisia ulioongezwa hufanya kazi kwa kamera kutafuta vitu vya kushikilia kwenye picha, kama kona, mishono na mabaka, kisha kuulaza mchoro juu yake ili ubaki pale hata ukisogeza simu. Sasa fikiria kiti chako. Viti vya Ulaya huwa na rangi kwenye njia ya mkanda: buluu kwa mtoto anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Kiti kikishakaa juani miaka kadhaa, buluu huwa kijivu, kibandiko cha maelezo hubanduka nusu, na kitabu chake huwa kilipotea zamani. Hapo mshale unaokuonyesha kwamba sehemu ya kiunoni ipite kwenye ndoano za pembeni, na ya begani izunguke nyuma ya kiti, unakusaidia kweli. Nimeona wazazi waliokuwa wakipitisha mkanda kinyume kwa miezi wakirekebisha wenyewe kwa kutazama skrini tu.

Ila mchoro uwe wa kiti chako. Pindua kiti utafute lebo ya rangi ya machungwa. Kama ni ya R44, kanuni ya zamani ya Ulaya ya usalama wa viti vya watoto, nambari ya idhini ianze na 03 au 04; la sivyo lebo iwe imeandikwa R129, kanuni mpya. Vile vya R44 vinavyoanza na 01 na 02 Ulaya yenyewe ilikataza visitumike tangu 2008, na ukikuta ni hivyo, usikifunge. Pia vua kitambaa uangalie plastiki kama ina ufa, kwa sababu muuzaji wa mitumba hajui kiti kilipitia ajali gani. Ukichagua modeli inayofanana tu na yako, programu itachora njia ya kiti kingine kwa uhakika uleule. Upande wa gari, usishangae Vitz isipokuwepo kwenye orodha: Ulaya iliuzwa kama Yaris, kama vile Demio inavyoitwa Mazda2 na Fit inavyoitwa Jazz.

Usifanye kazi hii jioni, wala ndani ya gereji yenye giza. Mkanda mweusi juu ya kitambaa cheusi hauipi kamera pa kushika, na utaona mshale unaelea na kuhama. Fungua milango yote asubuhi, sogeza simu polepole.

Halafu kuna suala la mlalo, yaani kiti kinavyoegemea nyuma, na hapa nakuomba uwe makini kwa sababu umesema unaishi Riat, kule mlimani Kisumu. Mtoto mdogo akikaa wima mno, kichwa huanguka kifuani na njia ya hewa hubanwa. Akilala mno, kiti hakimkingi vizuri gari likigonga. Simu hupima mlalo kwa kufuata mvuto wa dunia, na haijui kama gari limeegeshwa mlimani. Kwa hiyo mteremko wa kwenu utaingia kwenye kipimo, na alama ya kijani utakayopata langoni itakuwa ya uongo ukifika chini Mamboleo. Hata hapa Nakuru wanaokaa juu upande wa Menengai hupatwa na jambo hilihili. Shuka na gari hadi mahali tambarare ndipo upime, na ufuate mstari uliochorwa ubavuni mwa kiti kama bado unaonekana.

Sasa kukaza. Mteja mmoja alileta Probox, programu imempa kijani kila mahali: njia sawa, mlalo sawa, mkanda haujapinda. Nikashika kiti pale pale mkanda unapopita, nikakivuta kushoto na kulia, kikatembea upana wa kiganja. Tukakifungua. Kifungio cha mkanda wa gari kilikuwa kimeegemea ukingo wa plastiki ya kiti, kimepinda juu yake, kwa hiyo kila alipovuta mkanda, nguvu iliishia kwenye ule ukingo. Kwa juu mkanda ulionekana umenyooka kabisa. Kamera haikuwa na namna ya kukiona kifungio kilichojificha chini, na hata ingekiona, mvutano wa mkanda hauonekani kwenye picha. Tulihamisha kiti upande wa pili wa gari, ambako kifungio kilikaa chini zaidi, na kikatulia.

Kipimo ni hicho: shika kwenye njia ya mkanda, usishike juu kichwani, na kiti kisicheze zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Zile rula za kamera hukosea vya kutosha kuivuruga hesabu ndogo kama hiyo, kwa hiyo tumia jicho na mkono. Wakati wa kufunga, kandamiza kiti kwa uzito wako huku mkono mwingine ukivuta mkanda. Kabla ya yote, ingiza vidole kati ya mgongo na sehemu ya kukalia ya siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vilivyoachana takriban sentimita 28, gari lako lina ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti moja kwa moja kwenye gari bila mkanda, na kama kiti chako nacho kina vishikio vya kuingia humo, tumia hivyo, maana huacha nafasi ndogo ya kukosea.

Kukosea si jambo la Kenya peke yake. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inasema takriban asilimia 46 ya viti vya watoto hutumiwa vibaya, na kule wana mafundi waliofunzwa kazi hiyo.

Mtoto wako atazame nyuma, na akae siti ya nyuma. Kamwe usimweke mbele akitazama nyuma palipo na mfuko wa hewa unaofanya kazi. Najua watu watakwambia miezi 9 inatosha kumgeuza. Kanuni ya R129 inataka apite miezi 15, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Usikubali kusukumwa.

Jambo la mwisho linahusu njia yenyewe. Ukitoka Ahero kuna joto, ukipanda Kericho hadi Mau Summit kuna baridi, na kila mama humvalisha mtoto jaketi zito kabla ya kumfunga. Mikanda ya mabegani itaonekana imembana, programu nayo itakubali, kumbe imelibana jaketi. Gari likigonga, lile jaketi hubonyea na mtoto hubaki na nafasi ya kuchomoka. Mfunge akiwa na sweta nyepesi, jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Usipopata mkunjo wa kushika, umekaza vya kutosha. Kisha mfunike shuka juu ya mikanda, na kofia yake kichwani.

Simama Kericho umnyonyeshe, umnyooshe mgongo, na kabla hujaondoka kishike kiti tena pale mkanda unapopita, kwa sababu mkanda uliofungwa nyumbani hulegea kidogo njiani, na kuanzia hapo hadi Salgaa utakuwa katikati ya malori. Kama simu yako itakataa kuifungua hiyo programu, na simu nyingi za bei nafuu hukataa, usiahirishe safari kwa sababu hiyo. Tafuta kitabu cha kiti mtandaoni kwa jina na nambari iliyo kwenye lebo, ufuate picha zake. Ukipenda, piga picha za njia ya mkanda ukiwa umefungua milango yote miwili, uziweke hapa kwenye uzi, nitakuangalizia kabla hujasafiri.