Iulize modemu kabla hujapiga *99#

Karani mmoja wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) upande wa Kitangari, Newala, ameleta ujumbe: modemu inawaka taa, kompyuta inaandika kwamba imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Ameshabadili laini mbili na kuunga bando mara tatu, sasa anauliza anunue modemu gani nyingine. Ndugu karani, usinunue kitu. Kaa chini uihoji hiyo hiyo uliyonayo, maana majibu inayo na inayatoa bure.

Jambo hili linauma. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na karani ambaye kompyuta yake haioni kitu hana la kumwambia mkulima aliyeketi kibarazani akisubiri bei. Na bando linaloungwa kwa kubahatisha linalipwa kwa fedha za wanachama.

Modemu ya USB ya 3G ni mjukuu wa modemu ya simu ya mezani, ile iliyokuwa ikilia kwenye waya na kuishia kilobiti 56 kwa sekunde. Bado inapokea amri zilezile zinazoanza na herufi AT, na bado inapiga namba. Tofauti ni kwamba *99# haimpigii mtu: inaiamuru modemu ifungue njia ya data kwenye mtandao wa laini iliyomo. (Kama modemu yako ya 4G inafungua ukurasa wenye anwani 192.168.8.1, hiyo haipigi namba kabisa, na mipangilio yake unaiweka humo humo kwenye ukurasa.)

Anza hivi. Funga programu iliyokuja na modemu, maana poti moja haishikwi na programu mbili, na ukisahau, utakapopiga namba Windows itakuletea kosa 633. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, tafuta modemu, angalia imepewa poti gani, tuseme COM5. Kisha fungua PuTTY, programu ya bure ya kuandikia amri, chagua Serial, andika COM5, kasi 115200. Andika AT, gonga Enter. Ikijibu OK, mmesalimiana. Usipoona herufi unazoandika, gonga ATE1 hata kama hazionekani. Ikikaa kimya kabisa, umeingia poti isiyo yake: modemu moja huweza kujitokeza na poti tatu au nne, na si zote zinazosikia amri. Kompyuta isipoona modemu yoyote ila inaona kitu kama CD, basi programu ya kuiendesha haijawekwa. Fungua hiyo CD uisimike kwanza.

Swali la kwanza ni laini: AT+CPIN? Jibu linalotakiwa ni READY. Likija SIM PIN, toa laini, iweke kwenye simu, uzime PIN. Ukiona PH-NET PIN, modemu imefungwa kwa mtandao mmoja na laini ya mtandao mwingine haitakubali hata ukesha. Na ikijibu +CME ERROR: 10, haioni laini kabisa. Hapo mara nyingi kosa ni la fremu, kile kipande cha plastiki kinachoshika laini ndogo: laini ndogo ya siku hizi inatumbukizwa bila fremu yake kwenye tundu la laini kubwa, inateleza milimita mbili, shaba hazigusani. Mikindani na pwani yote ya Lindi ongeza chumvi ya hewa ya bahari. Futa shaba za laini na za USB kwa pamba yenye spiriti, acha zikauke, rudisha.

Sasa mawimbi, na hapa usiwe na haraka. Andika AT+CSQ. Utajibiwa kwa mfano +CSQ: 6,99. Tazama namba ya kwanza tu. Inatoka 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Izidishe kwa mbili, toa 113, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: 6 ni -101, 18 ni -77. Chini ya 10 usitegemee kazi ya maana. Vijiti vinavyoonekana kwenye skrini havikuambii hivi, vinakadiria tu. Paa la bati linazuia mawimbi vibaya, kwa hiyo modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta katikati ya ofisi inasikia mnara kupitia dirishani. Chukua waya wa kurefusha USB wa mita moja na nusu hadi mita tatu, fungua dirisha linaloelekea mnara, shika modemu nje ya fremu ya dirisha, andika AT+CSQ tena. Sogeza nusu mita, uliza tena, kila mara ukisubiri sekunde kama kumi namba itulie. Kutoka 6 inaweza kupanda hadi 11, hadi 15, kwa kusogeza mkono tu. Ukipata pazuri, funga modemu kwa kamba hapo, kivulini. Waya usizidi mita tano, na usinunue mwembamba wa bei ya kutupa: modemu inayotafuta mnara wa mbali hutoa mawimbi kwa nguvu zake zote na kuvuta umeme mwingi, na waya mwembamba unaupunguza njiani. Dalili yake ni modemu inayokata na kujiwasha upya kila unapoanza kutuma faili.

Kisha AT+CREG? Namba ya pili ndiyo jibu. 1, imesajiliwa nyumbani. 2, bado inatafuta. 3, imekataliwa, hivyo kapige *106# uhakikishe usajili wa laini. 5 ni ya kuangalia sana mlioko Msimbati, Kilambo, Kitaya na kandokando ya Ruvuma: modemu imeshika mnara wa ng'ambo, na salio linaliwa kwa bei ya ugenini. Andika AT+COPS=3,2 halafu AT+COPS? uone namba ya mtandao. Ya Tanzania inaanza na 640, ya Msumbiji 643. Ukiona 643, funga kwa mkono: Vodacom kwa mfano ni AT+COPS=1,2,"64004". Ukirudi mbali na mpaka, AT+COPS=0 inarudisha hali ya kujichagulia.

Hapo ndipo unapiga. Weka APN kwanza, yaani jina la njia ya data ya mtandao wako: AT+CGDCONT=1,"IP","internet", na neno hilo la mwisho ulithibitishe na huduma kwa wateja ya mtandao wako. Funga PuTTY, tengeneza muunganisho wa kupiga namba kwenye Windows, namba *99#, jina na nywila acha wazi. Ikikatwa mara moja kwa kosa 628, rudi kwenye APN na salio.

Dalili zako, ndugu karani, zinaangukia baada ya hapo: imeunganishwa, haifungui. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika ping 8.8.8.8. Isipojibu, data haipiti: ama APN si yake, ama bando limeungwa kwenye laini nyingine uliyoitoa jana. Ikijibu lakini kurasa hazifunguki, badilisha DNS ya muunganisho, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, iwe 8.8.8.8. Na angalia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti zenye usalama zinakataa kompyuta yenye tarehe ya uongo hata kama intaneti ni nzima. Ukishaingia, uweke muunganisho kuwa wa kulipia kwa kipimo (Metered connection), la sivyo Windows itajipakulia masasisho na bando litaisha kabla ya mnada.

Ikigoma bado, tuma majibu manne kama yalivyo, bila kuyafupisha: ya CPIN, ya CSQ ukiwa ndani na ukiwa dirishani, ya CREG, na ya ping.