Barua kwa mwanangu: je, fizikia ya kwanta haiwezi kuishi bila i?

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo, na swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Unauliza: ikiwa namba ya kufikirika, ile i ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1, ni chombo tu cha kurahisishia hesabu, mbona imekaa mwanzoni kabisa mwa mlinganyo wa Schrödinger, ule wa msingi wa kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa? Ikiondolewa, fizikia itabaki ileile?

Jambo hili lilimkera Schrödinger mwenyewe. Juni 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Lorentz kwamba namba changamano (zile zenye sehemu halisi na sehemu ya i) hazimpendezi, na kwamba ile ψ, alama inayoeleza hali ya chembe, kwa asili yake lazima iwe ya namba halisi. Alikuwa na mlinganyo mwingine usio na i, mgumu zaidi, wa daraja la nne. Mwishowe aliukubali huu mfupi, na ndio uliofundishwa wewe.

Kuiondoa i kwenye karatasi si kazi. Fikiria mshale wa saa: uzungushe robo, kisha robo tena, nao unaelekea upande wa pili kabisa. Hiyo ndiyo i mara i, yaani −1. Mzunguko huo wa robo unaandikika kwa jedwali la namba nne halisi: 0 na −1 juu, 1 na 0 chini. Kwa hiyo popote penye namba moja changamano unaweka mbili halisi, yaani unauongezea mfumo wako kiashiria kimoja cha ziada chenye hali mbili. Kwa chembe moja majibu yote yanatoka sawasawa. Stueckelberg wa Uswisi aliijenga kwanta ya namna hiyo mwaka 1960.

Ugumu uko kwenye kuunganisha, na hapo ndipo ningependa utulie. Chembe mbili kutoka vyanzo viwili visivyojuana, kila moja ikiwa na kiashiria chake, ukiziunganisha kwa kanuni ya kawaida (kila hali ya moja inazidishwa na kila hali ya nyingine) unapata viashiria viwili, na mahesabu yanataka kimoja. Katika jaribio la aina ya Bell, linalopima jinsi majibu ya chembe zilizotenganishwa yanavyowiana, lenye chanzo kimoja na watu wawili, unaweza kukwepa: chanzo kinawagawia kiashiria cha pamoja. Mwanafizikia Renou na wenzake wakaweka watu watatu na vyanzo viwili huru, mtu wa kati akipokea chembe kutoka vyote viwili. Katika makala yao kwenye jarida la Nature, Desemba 2021, walithibitisha kwamba kwanta ya namba halisi, ikifuata kanuni hiyohiyo ya kuunganisha, haiwezi kuvuka 7.66 katika kipimo chao cha uwiano wa majibu ya watu hao watatu, ilhali ile ya kawaida inafika karibu 8.49. Maabara ya Hefei, China, ilipima kwa saketi za upitishoumeme kamili (umeme hupita bila ukinzani) ikapata takriban 8.09. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa mno: swali lililoonekana la wanafalsafa limepata jibu la tarakimu.

Lakini soma sharti lile vizuri: ikifuata kanuni hiyohiyo. Mwaka 2025 wanafizikia wa Ujerumani na Ufaransa waliibadili kanuni ya kuunganisha, viashiria vikawa kitu kimoja, na nadharia ya namba halisi ikatoa majibu yaleyale ya kwanta ya kawaida. Kwa hiyo anayekuambia kwamba majaribio yamethibitisha i haiepukiki, anasema zaidi ya kilichopimwa.

Maoni yangu ni haya. Alama i si lazima. Ule mzunguko wa robo ni lazima, tena uwe mmoja kwa mifumo yote unayoiunganisha. Nadharia hizo mpya zinaulinda kwa bidii kubwa, na namba changamano zinakupa bure. Ndiyo maana mimi nitaendelea kuandika i.

Ukipata jioni yenye nafasi, chukua kubiti mbili (mifumo ya kwanta yenye hali mbili kila mmoja), ziandike kwa namba halisi na viashiria vyake, uziunganishe kwa kanuni ya kawaida, kisha uzungushe kiashiria kimoja tu. Linganisha na kuzungusha cha pili. Niandikie ulichoona.

Baba yako