Mke Wangu Hataki Kulala Kwenye Hema

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Kigoma mjini na mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Kazi yangu ni kuendesha boti, na kwa kazi hiyo nimelala ufukweni mara nyingi hadi nimepapenda. Mwaka jana mwezi wa nne nilimchukua mke wangu tukalale usiku mmoja kando ya ziwa. Mvua ikanyesha, hema likavuja, mbu wakatumaliza, mwenzangu akalia. Sasa nimenunua hema jipya, na mwezi wa tisa nataka tuadhimishe ndoa yetu kwa kulala Gombe siku tatu. Amekataa kabisa. Anasema, "Mimi porini nilishalala vya kutosha." Yeye amekulia Urambo, kwao wakulima wa tumbaku. Dada zangu wanasema anajifanya wa mjini. Shangazi, ninunue nini, au nimwambie nini, ili akubali?*

*Mwenye Hema, Kigoma*

Marahaba, mwanangu.

Jibu unalolitafuta mkeo amekwisha kukupa. Umeliandika mwenyewe, halafu ukalipita kwenda kuulizia vitu vya kununua. "Mimi porini nilishalala vya kutosha." Je, ulimuuliza alilala wapi, akiwa na umri gani, akifanya nini? Kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza.

Mimi sijamsikia, kwa hiyo sitamsemea. Lakini maisha ya tumbaku kule Tabora yanajulikana. Tumbaku ya mvuke huvunwa mvua zikiwa bado zinanyesha. Majani hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, moto huwashwa, na moto ule haulali. Karibu wiki nzima, usiku na mchana, lazima awepo mtu wa kuchochea kuni na kuangalia joto. Joto likishuka, majani yanaharibika. Likizidi, yanaungua, na pengine bani lenyewe linateketea na jasho la msimu mzima. Kazi hiyo ni ya familia, na watoto wamo. Shamba likiwa mbali na kijiji, watu huhamia huko huko, wakalala kwenye vibanda vya miti na nyasi, mvua ikiingia wanasogeza mikeka. Binti aliyekua hivyo, akaja kuolewa mjini, akapata paa la bati, kitanda na mlango wenye komeo, leo unamwambia mkalale porini kwa raha. Unadhani anasikia nini?

Sasa rudi kwenye usiku ule wa mwezi wa nne. Mvua, maji yanapita chini ya mgongo, mbu, giza. Wewe uliona hema bovu. Yeye yawezekana aliuona utoto wake. Alilia, nawe ukaenda dukani kutafuta hema zuri zaidi. Hema zuri ni jambo jema, ila kilio kile bado hakijapata mtu wa kukisikiliza.

Na hao dada zako, zungumza nao wiki hii hii, uwaambie maneno hayo yakome. Mwanamke aliyekesha kwenye moto wa bani akiwa mtoto analijua pori kuliko wao. Kama walisema mbele yako ukanyamaza, mkeo amehesabu kimya chako kuwa ni kukubaliana nao, na hapo hakuna godoro litakalosaidia.

Kwa hiyo kwanza muulize, umsikilize mpaka amalize, siku hiyo usiitaje safari hata kidogo. Usimjibu kwa kumwambia kwamba safari hii itakuwa tofauti. Akimaliza, mshukuru, mwendelee na maisha. Siku nyingine, mkiwa mmetulia, ndipo umuulize kama yuko tayari kujaribu usiku mmoja, na ni vitu gani vikiwepo ataweza. Andika anachosema. Orodha yake ndiyo ya kufuata, haya yangu ya chini ni ya kukusaidia kuelewa tu.

Akikubali, Gombe iondoe kwenye mpango kwa sasa. Najua ni pazuri, na kila mtu wa Kigoma anajivunia hifadhi ile. Lakini Gombe haina barabara. Kuingia ni kwa boti, kutoka ni kwa boti, na wewe unajua kuliko mimi kwamba ziwa likichafuka usiku hakuna wa kuondoka. Mkeo akishtuka saa nne usiku akataka kitanda chake, utamfanyaje? Mtu asiye na njia ya kurudi kwake hapati usingizi, hata umtandikie vipi. Tena kule nyani wa kawaida ni wezi wa chakula, kila kitu lazima kifungiwe, na kwa mgeni mwenye wasiwasi huo ni mzigo mwingine. Marehemu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwezi Julai 1960, akiwa na miaka 26, hakuja peke yake. Wakubwa wa serikali ya wakati ule hawakukubali msichana akae msituni bila mwenzake, akafuatana na mama yake mzazi, na wakawa na mpishi. Mama na binti walilala hema moja, na miezi ile ya mwanzo wote wawili waliangushwa na malaria. Yeye alikwenda kwa hamu yake mwenyewe, na bado alihitaji mama na mpishi. Mkeo hajaomba makubwa.

Anzeni karibu. Upande wa Katonga, kwa mfano, au popote kando ya ziwa ambako bodaboda inafika. Usiku mmoja, siyo siku tatu. Na kabla hamjatoka nyumbani mwambie: saa yoyote ukisema turudi, tunarudi. Halafu utimize, hata ikiwa saa sita ya usiku nawe ndiyo kwanza umenyoosha miguu. Utimize bila kununa njiani wala kuisimulia kwa marafiki zako kesho yake. Ukinuna, safari ya pili haipo. Ukirudi naye kwa moyo mweupe, utashangaa jinsi mtu anavyokuwa jasiri akijua mlango uko wazi.

Siku ya kuadhimisha ndoa usiifanye kuwa siku ya majaribio. Siku hiyo achague yeye. Akitaka kula mjini na kulala kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto, mpeleke.

Mwezi wa tisa umechagua vizuri, mvua bado hazijaanza. Ila angalia na mwezi wa angani. Wewe mtu wa ziwa unajua wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, na zile taa zao zikitapakaa majini ni mandhari ya kupendeza sana. Pamoja na hayo, kwa mara hii mimi ningechagua siku za mbalamwezi, ili akitoka nje ya hema aone anakokanyaga, aone mti ni mti na mtu ni mtu. Taa za wavuvi atakuja kuziona safari nyingine akizoea.

Sasa nizungumzie choo, kwa sababu wanaume mnapanga safari nzima bila kulitaja neno hilo. Wewe ukibanwa usiku unatoka, unasogea hatua chache, umemaliza. Mwanamke anatoka gizani, anachuchumaa, hajui nani anapita, hajui nini kiko kwenye nyasi, kwa hiyo anaacha kunywa maji tangu saa kumi jioni na anajibana mpaka alfajiri. Wengi wanaosema hawapendi kulala nje, hicho ndicho kinachowatesa, na wanaona aibu kukitaja hata kwa waume zao. Tafuta mahali penye choo safi chenye mlango unaofungwa kwa ndani, nenda ukakikague mwenyewe mchana. Kama kiko mbali na hema, weka ndoo yenye mfuniko karibu, ndani ya kizuizi cha turubai, na majivu ya kumwagia, na sabuni, na maji ya kunawa, na taa ndogo ya sola itakayowaka usiku kucha. Asubuhi ndoo hiyo utaitoa wewe. Na panga tarehe pamoja naye, usimpangie, kwa sababu zipo siku za mwezi ambazo mwanamke hataki kuwa mbali na bafu lake, naye ndiye anayezijua.

Kuoga hivyo hivyo. Usimwambie ziwa si hili hapa. Sehemu zenye matete na maji yaliyotuama zina hatari ya kichocho, na zipo sehemu zenye mamba na viboko. Beba madumu ya maji kutoka nyumbani, umpashie ndoo moja jioni na moja asubuhi, umpe beseni na mahali pa faragha pa kuogea. Ya kunywa yachemsheni.

Watu nao wanatisha kuliko wanyama. Nenda kwa mwenyekiti wa mahali hapo siku kadhaa kabla, ujitambulishe, useme mtalala pale, na kama kuna malipo ulipe. Wavuvi wa hapo watakuambia kiboko anapandia wapi usiku, na hapo msisogelee. Hema liwe mbali na maji, mahali palipoinuka, nje ya mkondo wa korongo hata kama limekauka, wala lisikae chini ya tawi lililokufa.

Hilo hema lako jipya, kabla halijaenda popote, lisimike uani. Mwagia ndoo za maji juu na pembeni, mkeo akiwa anaangalia. Asiamini maneno yako, aamini macho yake. Aingie alale mchana na mtoto, aone kama anaweza kukaa bila kuinama, ajaribu zipu mwenyewe. Mueleze pia kwamba hema likifungwa kila upande, pumzi hugeuka matone yanayodondoka alfajiri. Acha madirisha ya wavu wazi, maana akiamka ameloa atakumbuka mwaka jana, na hutaweza kumshawishi kwamba hema halikuvuja.

Godoro lichukue la sponji kutoka nyumbani kwenu. Yale ya kujaza upepo yanakuwa baridi kwa chini na yakitoboka usiku mnalala kwenye mawe. Tandika mkeka, kisha blanketi, kisha godoro, na shuka safi alizozizoea, na mto wake mwenyewe. Usiku wa Kigoma si wa baridi kali, lakini upepo wa alfajiri unashuka kutoka milimani, blanketi la pili liwepo miguuni.

Malaria usiifanyie mzaha. Mbu wake huuma zaidi kuanzia jioni mpaka alfajiri, na mkoa wetu bado unasumbuliwa nao. Tundika chandarua chenye dawa ndani ya hema juu ya godoro, hata kama hema lina wavu, kwa kuwa zipu moja iliyosahaulika wazi saa kumi na mbili jioni inatosha kujaza mbu. Nguo za mikono mirefu, dawa ya kupaka. Na kama kuna dalili kwamba ni mjamzito, ahirisha safari.

Linalobaki ni kazi. Nimewaona wanawake wengi wakipelekwa kupumzika, wakafika huko wakapika kwa shida kuliko nyumbani, kwenye mawe matatu, wakiosha vyombo kwa maji ya kubeba, mtoto mgongoni, mwanamume amekaa anatazama ziwa anasema hapa ni pazuri. Hiyo kwake ni siku ya kazi iliyohamishwa mahali pabaya. Upike wewe, uoshe wewe. Migebuka ya kukaanga ununue ikiwa tayari, chapati zitoke nyumbani kwa mtu wa kuzipika kwa pesa, chai iwe kwenye chupa kabla jua halijazama. Mtoto akalale kwa bibi yake usiku huo.

Moto ninauacha mwisho kwa makusudi. Najua unapenda kukoka moto mkubwa ufukweni, na wageni wako wanaupenda. Mkeo moto amekesha nao sana. Pika kwa mtungi mdogo wa gesi, mulika kwa sola, na moto wa kuni usiwashe mpaka yeye aseme anautaka. Akiutaka, kuni uchochee wewe mpaka mnaingia kulala. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika chache za kupasha joto, lina hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini.

Inawezekana utafanya yote haya na bado aseme hapana. Ikiwa hivyo, ipokee. Usimnunie, usimtumie mama yako, usiifufue kila mwezi. Mapenzi yako kwa ziwa hayana ubaya, nenda kalale na marafiki zako wa boti, mkeo abaki kitandani kwake bila kuambiwa chochote. Na akitaka, aje mchana, ale samaki, akae kivulini na mtoto, kisha umpandishe bodaboda ya kumi na moja jioni. Nauli ulipe wewe.