Maswali Yenu ya Muziki: Don Williams wa uzeeni

SWALI: Sasa mhariri. Mzee wangu ni wale wa Don Williams, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, mpaka basi, tangu enzi za kipindi cha redio cha Sundowner kwa KBC. Nilimwekea albamu ya Reflections kwa flashi, akasikiza kama nyimbo mbili hivi akaniambia huyu amechoka, nimrudishie zile za zamani. Mimi naiona kali. Nani hana masikio hapa? – Msomaji, Umoja

JIBU: Masikio yako yako sawa, na mzee pia ana pointi. Hiyo albamu ilitoka 2014 Don akiwa na miaka 74, na ndiyo ya mwisho alirekodi studio kabla afariki Septemba 2017. Alikuwa ashastaafu 2006, akarudi 2010, akatoa And So It Goes 2012, halafu hii, zote mbili na Garth Fundis, prodyusa wake wa tangu zamani. Kwa hivyo sauti imezama kidogo, ni kweli, lakini Don hakuwahi kuwa mtu wa kupiga makelele, aliimba ni kama mko wawili kwa sebule anakupigia stori, sasa uzee ungemnyang'anya nini? Johnny Cash, mwenzake wa kantri, ni kesi tofauti, yeye sauti ilikatikakatika na huko kukatika ndiko kukabeba wimbo, sikiza Hurt ya 2002. Don hanaga hiyo drama.

Chenye watu husahau ni kwamba hits zake nyingi hakuziandika yeye. Hata Amanda, ambayo nabeti mzee wako anaijua yote, ni ya Bob McDill. Kipaji cha Don kilikuwa kuchagua, na hapo ndipo mimi naipendea Reflections, unaona mtu wa miaka 74 akiamua ni nini bado anataka kusema. Akachukua Sing Me Back Home ya Merle Haggard, mwimbaji mwingine wa kantri, ya 1967. Haggard mwenyewe alifungwa San Quentin, jela ya California, na wimbo ni wa mfungwa anapelekwa kuuawa, anaomba wasimame kidogo mwenzake mwenye gitaa amwimbie wimbo wa kumrudisha nyumbani. Msanii mwingine hapo angelia kwa maiki ndio ujue ni huzuni. Don anaiimba pole pole, hasukumi neno, na ndio inakuingia vibaya.

So usimwekee kuanzia ya kwanza. Mwekee hiyo, jioni akishakula, na usiwe hapo ukimwangalia usoni kuona kama ameipenda, wazee hawapendi hiyo. Akikataa tena, bana, mrudishie Amanda yake.

SWALI: Ni ukweli Don Williams aliwahi kuimba Afrika ama ni stori za baa? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Ni ukweli. 1997 alipiga shoo Harare, Zimbabwe, na ilirekodiwa ikatoka kama Into Africa, itafute uone vile umati unaimba naye neno kwa neno. Na kama unataka kantri ya laivu hapa hapa Nairobi, ulizia Sir Elvis, mwimbaji wetu wa kantri, anapiga wapi wikendi. Fika mapema, viti vya mbele huwa vya wazee na hawasongi.